Kopo la Kibogoyo

Nyumbani, 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua, na habari yenyewe ndiyo hiyo. Kitambaa ulichotuma kimefika. Mama alikipenda, akajifunga kutwa nzima, jioni akaniuliza ni cha nani. Siku hizi kila kitu ni cha mtu mwingine.

Nakuandikia kwa jambo ambalo sijui nicheke au nilie. Mama anataka kopo.

Umesoma vizuri. Mama yetu huyu huyu, ambaye nilipokuwa darasa la kwanza nilirudi nyumbani nikiimba "ka, ke, ki, ko, ku, kopo" akanizaba kofi mpaka kitabu kikaruka. Bafuni kwetu hakuna kopo la kuogea, kuna "kile cha kuchotea". Mezani kuna "kikombe cha bati". Mpangaji wa chumba cha nyuma alipokula samaki wa kopo pale barazani, mama alimpa notisi hata hajalamba vidole. Nimekua nikijua kwamba kwa watu wengine kopo ni kitu cha kutilia chakula, ila kwetu ni tusi, na sikuwahi kuambiwa linamtukana nani.

Sasa ni wiki ya pili. Nikimpelekea uji anaugeuzia uso. Wali vilevile. Ndizi anaificha chini ya mto. Ananiuliza kwa adabu, kama mtu aliyefika kwenye dirisha la ofisi ya serikali, "Samahani, kopo limefika?" Nikimwambia hapa hakuna kopo, mama, kuna uji, anajibu, "Haya, tutangoja." Na kweli anangoja. Amekonda mno. Jana nilipomwogesha niliogopa kumsugua mgongo.

Halafu huyo Kibogoyo ni nani? Kila mara anauliza kama kopo la Kibogoyo limewekwa. Nilidhani ni yule mzee wa duka la mafuta ya taa asiye na meno, nikaenda kumuuliza kama ana jambo na mama. Alinifukuza kama mbwa.

Muuguzi wa zahanati anasema akili ya mama inarudi nyuma, nimpe anachotaka mradi ale. Lakini nani atathubutu kuliingiza kopo ndani ya nyumba hii? Nina miaka thelathini na moja na bado naogopa lile kofi. Niambie wewe uliyekaa naye miaka mingi kabla hajaolewa na baba yangu, kabla mimi sijawa hata wazo.

Kama unaweza kuja, njoo. Si lazima ukae sana.

Mimi kitindamimba wako,
Kitinda


Bwenini, 13 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimeketi.

Mnunulie. Mwambie muuza duka akuonyeshe yote aliyo nayo, usikubali akuchagulie. Lililovimba liache, hata kama limevimba kidogo tu na bei yake imeshushwa. Lililobonyea kwenye mshono wa ubavuni liache pia. Lililobonyea katikati halina neno. Kisha gonga kifuniko kwa kijiko. Kopo zima hulia mlio mkavu, mfupi. Likikuitikia kwa sauti ya tumbo, rudisha. Ukishalifungua hamishia chakula kwenye bakuli, usikilaze ndani ya bati.

Hilo neno mama alilichukia kwa sababu ya vita. Baba yangu alipouawa tulikimbilia kambini, na kambini tulikula makopo mpaka yakatutoka puani. Hakuna zaidi ya hapo. Ungekula wewe ungelichukia pia.

Kibogoyo ni mtu wa zamani, alishaondoka. Mama akimtaja, badilisha mazungumzo.

Kuhusu kuja, niliomba ruhusa na msimamizi amekataa. Ofisi ina kazi nyingi msimu huu. Nitaomba tena.

Msalimie. Usimwambie kwamba nimesema chochote kuhusu kambi.

Dada yako


Nyumbani, 24 Machi

Dada,

Shikamoo. Amekula.

Nilifanya kama ulivyosema. Niligonga makopo ya duka zima mpaka muuza duka akaniuliza kama natafuta ngoma ya harusi. Nikarudi na kopo moja la maharage, nimelifunga ndani ya gazeti kama mwizi. Nililiweka mezani, nikasimama mbali na mkono wake.

Hakunipiga. Alilichukua, akaligeuza, akaona ile karatasi yenye picha ya maharage yanayotoa moshi, uso ukamshuka. "Hili si la kwetu," akasema. Nikalirudisha jikoni, nikalilowesha, nikaibandua karatasi yote mpaka bati likabaki tupu. Hapo alilipokea kwa mikono miwili. Dada, mwanamke huyu asiyekumbuka vifungo vya nguo yake alichukua kisu, akachoma kifuniko pembeni, akakizungusha bila kuchubuka hata ukucha. Sijui alijifunza wapi. Yaani najua, umeniambia, lakini ni jambo jingine kumwona.

Bakuli alilikataa. Anakula kutoka humo humo. Nilimwambia dada kasema tusikilaze chakula kwenye bati, akaniambia hakitalala. Haki ya Mungu, nilicheka. Ni mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Lakini kuna mambo mawili. La kwanza, mama hanijui kabisa. Zamani alikuwa ananisahau asubuhi ananikumbuka jioni. Sasa ananiita "bwana mgawaji". Nikiingia chumbani anainuka, anasimama mpaka nimwambie kaa. Nimemwambia mimi si bwana, mimi ni mwanao, tazama hata nimevaa gauni. Anasema, "Ndiyo, bwana mgawaji." Ninamsafisha, ninamlisha, ninalala sakafuni kando ya kitanda chake, na ananiamkia shikamoo. Mimi. Hilo linaniuma kuliko lile kofi.

La pili, anaweka vijiko vitatu. Nikimuuliza vya nani anasema, "Tuko watatu." Anahesabu: yeye, mkubwa, Kibogoyo. Mkubwa ni wewe. Mimi simo. Namrekebisha taratibu kwamba humu ndani tuko wawili, mama, wewe na mimi, dada yuko safarini. Muuguzi amesema nimrudishe kwenye ukweli kila ninapoweza, akili isipotee moja kwa moja. Nikimwambia hivyo anaangalia mlango.

Na wewe, ofisini kwenu kuna nini hasa? Mtu wa mafaili ameyajua wapi makopo namna hiyo?

Kitinda


Bwenini, 2 Aprili

Kitinda,

Hakuna ofisi. Ninafanya kazi kiwanda cha kutia vyakula kwenye makopo, mwaka wa nne huu. Nilipofika mji huu nilitembea soli ikaisha, na mlango uliofunguka ulikuwa huo. Ningewezaje kumwambia mama? Bora angesikia nauza mwili.

Kazi yangu ni kugonga. Makopo yanapita kwenye mkanda, mimi nimekaa na kijiti cha chuma chenye kichwa kidogo, nagonga kila kifuniko na kusikiliza. Zuri linapita, baya natoa. Kutwa nzima hakuna anayenisemesha, kwa sababu nikisemeshwa sisikii bati. Wenzangu wananiita Daktari wa Vifua.

Utashangaa kwamba hapa hakuna anayesema kopo. Msimamizi anasema "bidhaa". Wapakiaji wanasema "mzigo". Kwenye karatasi ya katoni imeandikwa "vyakula vilivyohifadhiwa". Mwanzoni nilifurahi. Nikawaza kwamba nitaweza kula hela ya kiwanda hiki bila kulitamka hata siku moja. Kisha siku moja mwanamke mmoja mpya, mwenye alama za moto mkononi, aliketi karibu nami wakati wa mapumziko akaniuliza, "Kwenu mlikuwa na makopo mangapi?" Hakuwa anauliza makopo. Alikuwa anauliza watu. Kambini watu walihesabiwa hivyo: hema hili makopo matano, hema lile makopo mawili. Nilimwambia simwelewi nikaenda kukaa kwingine. Bado ananisalimia, masikini.

Dereva wa lori letu anapita huko kwenu. Nimempa katoni moja ya makopo ya maharage na samaki ambayo hayakuvishwa karatasi. Yanauzwa rahisi kwa wafanyakazi kwa sababu dukani hayaendi. Hutahangaika kubandua.

Hayo ya watatu usiyatilie maanani. Ni maneno ya ugonjwa. Mradi anakula.

Ruhusa bado. Msimamizi ana kichwa kama gogo.

Dada yako


Nyumbani, 15 Aprili

Dada,

Sina hata salamu ya kukupa.

Katoni ilifika na dereva alikuwa mtu mwema, aliibeba mpaka ndani. Mama alipoyaona makopo yale yasiyo na karatasi yamepangwa, alilia kwa furaha. Alikula siku ile, alikula na siku iliyofuata. Nikasema basi, tumevuka.

Kisha akaniomba nimwandikie barua. Hajui tena kuandika, ila jinsi barua inavyokwenda bado anaijua. Aliketi wima kabisa, akanitajia neno kwa neno. Ilikuwa hivi:

"Kwa Bwana Mkuu wa Ugawaji. Mimi ni mama wa hema la pembeni karibu na mfereji. Naomba hesabu yetu isibadilishwe. Tuko watatu kama siku ya kwanza. Wote wazima. Yule mdogo haonekani kwa sababu amelala. Naomba asiamshwe."

Nikaandika. Nilipofika kwenye "watatu" kalamu ikakwama. Nilikumbuka muuguzi, nimrudishe kwenye ukweli. Nilikumbuka wewe, ni maneno ya ugonjwa. Na niseme ukweli mwingine, kwamba nilikuwa nimechoka kutokuwemo. Mimi ndiye niliye hapa. Kwa hiyo niliandika "wawili". Nikaandika tuko wawili, mama na binti yake mdogo, wote wazima. Nilidhani nikimsomea, neno likisomwa kutoka kwenye karatasi, litamwingia.

Nilimsomea. Aliniomba nirudie hapo kwenye hesabu. Nikarudia. Akaniuliza kama barua imeshapigwa muhuri. Nikamwambia, ili yaishe, ndiyo mama, imeshapigwa.

Tangu hapo hajala. Makopo yako hayataki, hata la samaki ambalo alilipenda. Nikilifungua mbele yake ananiambia, "Hilo la nani, bwana? La kwetu limekatwa." Analaza kanga yake iliyoviringishwa juu ya kitanda, anaifunika vizuri, anakaa kati yake na mlango. Mtu akipita barazani anaweka kidole mdomoni na kusema amelala, amelala.

Nimekuuliza Kibogoyo ni nani, ukaniambia nibadilishe mazungumzo. Nimeyabadilisha, nimeyabadilisha mpaka kwenye karatasi, na sasa mama anakufa njaa mbele ya katoni nzima ya chakula. Kuna kitu nimekivunja na sijui hata kilikuwa kinaitwaje. Usiniandikie tena habari za msimamizi. Niambie.

Kitinda


Bwenini, 23 Aprili

Mdogo wangu,

Kibogoyo alikuwa kaka yako. Alikuwa na miaka sita, na meno ya mbele yalikuwa yameng'oka yote kwa mpigo, ndiyo maana tukamwita hivyo. Jina lake halisi mama alilizika naye na mimi sitalitoa.

Kambini kila kichwa kilipewa kopo moja kwa siku. Asubuhi mgawaji alipita na watu wake, akiita, "Hapa mangapi?" Mama anajibu matatu, tunahesabiwa, tunapewa. Hatukuwa na neno jingine la chakula. Hatukusema njaa, tulisema kopo halijafika. Mtu akifa hatukusema amekufa, tulisema kopo lake limekatwa.

Kibogoyo alianza kuharisha. Tulilala naye, na nilipoamka mama alikuwa amekwisha mfunga kwenye kanga. Aliniambia nisilie kwa sauti. Alitoka naye mapema ndani ya mzigo wa kwenda kutafuta kuni, akarudi na kuni. Mpaka leo sijui alimlaza wapi, na sijawahi kumuuliza.

Asubuhi ile ile mgawaji alipita. "Hapa mangapi?" Mama akasema, "Matatu. Mdogo amelala." Wakampa matatu.

Tuliendelea hivyo mpaka kambi ilipovunjwa. Mama aliviringisha kanga nyingine akaiweka kitandani chini ya blanketi, na mimi nilipewa kazi ya kulala kando yake. Siku ambazo wagawaji waliinama kuchungulia, niliipigapiga ile kanga mgongoni na kuiimbia. Nilikuwa na miaka minane na niliimba vizuri. Kopo la Kibogoyo nililila mimi, lote. Mama hakuonja hata mchuzi wake. Alikuwa ananifungulia, ananitazama nikila, halafu anakwenda kuzika bati lenyewe mbali na hema, majirani wasije wakahesabu.

Mimi niko hai kwa ajili ya kopo lile. Kwa hiyo unaelewa kwa nini hakutaka neno hilo litamkwe. Kila aliyesema kopo mama alimsikia mtu anayeuliza Kibogoyo yuko wapi.

Na wewe ulipomsomea "wawili", alimsikia mgawaji aliyegundua. Hukuwa na njia ya kujua, nami nilikuficha. Nilikwambia usitilie maanani. Ningekuambia mwezi wa tatu, mama angekuwa anakula. Hilo ni langu, usilibebe.

Sasa fanya hivi. Andika barua nyingine, sema ile ya kwanza ilikosewa. Mpelekee makopo matatu kwa pamoja, mwambie kwa sauti: watatu. Usimguse aliyelala kitandani. Ukiulizwa na mtu yeyote mbele yake, amelala. Lazima useme hivyo, Kitinda, hata kama roho inakuuma kwamba wewe humo kwenye hesabu. Mimi nilikuwemo na sikupata raha yoyote.

Jambo la mwisho. Sikuomba ruhusa. Sikuomba hata mara moja. Msimamizi ni mama mmoja mpole, angenipa. Ninaogopa kuingia chumba kile nikakuta kanga imeviringishwa kitandani, na mama akaniambia nenda kalale naye. Ninajua ningekwenda.

Kesho nitaomba. Akininyima nakuja hivyo hivyo, nimwage unga.

Dada


Nyumbani, 24 Aprili

Dada, bado sijapata jibu lako. Ameanza kukataa na maji. Muuguzi amekuja, akamtazama, akaniambia nje kwamba nijikaze. Nimempigia kelele kwamba ni yeye aliyesema nimrudishe kwenye ukweli. Akanipa chumvi za kuchanganya na maji.

Kama huwezi kuandika, njoo tu. Njoo hata kwa saa moja umwambie chochote.

Kitinda


Nyumbani, 6 Mei

Dada,

Shikamoo.

Tumemzika Jumanne, karibu na baba yangu. Nilipiga simu kiwandani kutoka posta, wakaniambia hawaiti mtu aliyeko kwenye zamu, nikawaachia ujumbe. Sijui kama ulikufikia. Dereva alipoleta barua yako alisema amekuacha kwenye mkanda, unagonga. Sikumuuliza zaidi.

Sitakudanganya kwamba sikulaumu. Nilitaka kuandika hivyo nikashindwa. Nakulaumu, na nikiamka usiku nakuonea huruma, na asubuhi nakulaumu tena. Nadhani tutakaa hivyo muda mrefu.

Barua yako ilichelewa kwa sababu lori liliharibika njiani. Ilifika Jumamosi mchana. Niliisoma jikoni, na nilipomaliza sikulia, nilikwenda moja kwa moja kwenye katoni. Nilichukua makopo matatu, nikayaweka kwenye sinia. Nikavaa koti la baba, ili niwe mgawaji kweli. Sikuona haya. Kama mama alihitaji mgawaji kuliko mwana, basi nitakuwa mgawaji.

Nikabisha hodi. Alijaribu kuinuka akashindwa, nikamwambia abaki hapo hapo. Kanga yake ilikuwa kitandani, imefunikwa mpaka juu. Nikasema kwa sauti, kama ulivyoniagiza, "Hapa mangapi?" Akatazama sinia. Nikasema, "Ile hesabu ilikosewa. Hapa ni matatu. Pokeeni."

Nikayapanga mbele yake, moja, mbili, tatu. Mkono wake ulikuja ukayagusa yote, la tatu ukalishika. Nilidhani atalikumbatia. Alilisukuma likarudi upande wangu.

Sauti yake ilikuwa ndogo sana, ilibidi niiname. Alisema, "Bwana mgawaji, wewe umenitendea wema. Umeniogesha. Umelala chini kwa ajili yangu. Siwezi kuendelea kukudanganya wewe. Kibogoyo amekufa. Tuko wawili. Andika wawili."

Dada, nilimsihi. Nilimwambia hapana mama, amelala, namwona amelala pale. Nilisema uwongo wako wote na nikaongeza wangu. Yeye aliinua ule mkono mwembamba akaifunua kanga, akaikunjua, akaitandika magotini pake na kuilainisha mikunjo. "Amekufa zamani," akasema. "Kalirudishe kopo lake wakapewe wengine." Na uso wake ukatulia kabisa. Nimemuuguza miaka mitatu na sijawahi kumwona hivyo.

Nikamfungulia moja kati ya mawili yaliyobaki, nikamshika kichwa ale. Akafunga mdomo. Akasema anamngoja mkubwa, ameenda kuteka maji, atarudi sasa hivi, wataanza pamoja. Nilimwambia mkubwa amesema muanze bila yeye. Alitikisa kichwa. Alisema mkubwa hajui kukaa na njaa, akikuta wamekula atasikitika. Nilijaribu tena jioni, na asubuhi ya Jumapili, na kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Mchana alikata kauli, na jua lilipoanza kushuka alikuwa amekwisha.

Hayo nimekuandikia kwa sababu uliniomba nisiyabebe peke yangu, au pengine hukuniomba, ni mimi niliyesoma hivyo.

Lakini kuna kitu kimoja cha ile Jumamosi sijamwambia mtu. Baada ya kulisukuma kopo la Kibogoyo, mama alinitazama nilivyokuwa nimepiga magoti na lile koti kubwa, akaniuliza, "Na wewe, umekula?"

Nikasema bado. Ilikuwa kweli, sikuwa nimekula tangu juzi yake, na kabla ya hapo sikumbuki ni lini mtu aliniuliza.

Akaniambia, "Kula basi. Mama yako akisikia umeshinda na njaa kwetu, atatulaumu."

Nilimwambia mama yangu hatalaumu. Akasema, "Wewe humjui," na akaninyooshea kisu. Nikalifungua lile la tatu, vibaya, nikajikata kidole. Yalikuwa maharage, baridi, yana chumvi nyingi. Nilikula nikiwa nimekaa sakafuni, kamasi na machozi vikiingia humo humo, na kila nilipotaka kuacha alinionyesha kwa kidole kwamba bado. Nililila mpaka chini, dada, na hakuacha kunitazama mpaka nilipomaliza.

Kitinda